Binti Mteule wa Pikipiki ya Mzee Ngwali

Bi Mize, ambaye ukuta wake na ukuta wa Havijawa ni ukuta mmoja, anadai kwamba aliyaona kwa macho yake mawili, na hataki kupunguziwa hata moja. Alikuwa bandarini alikopeleka maandazi kwa wapagazi, akaona winchi imeinyanyua pikipiki ya marehemu Mzee Ngwali, ileile kubwa ya Kimarekani yenye kigari ubavuni, inaning'inia juu ya meli huku tarumbeta zinalia. Wimbo wa taifa ulipigwa beti zote, hata ule wa nne ambao hakuna anayeujua. Waziri alisimama wima akaipigia pikipiki saluti. Na pale chini, kwenye zulia jekundu, alisimama Havijawa mwenyewe, binti wa marehemu, kajitanda mtandio mweusi, analia kwa kupokezana na tarumbeta.

"Ulilia vizuri, mwanangu," Bi Mize alisema akiwa kaegemea mlango. "Mpaka yule Mzungu wa kofia pana akatoa leso. Nikasema moyoni, huyu mtoto kalelewa."

Havijawa wakati huo alikuwa amechuchumaa uani, kitambaa cha mafuta ya nazi mkononi, anafuta spoki za gurudumu la mbele la pikipiki hiyohiyo iliyokwisha kwenda Marekani.

"Bi Mize, pikipiki si hii hapa?"

"Naiona."

"Na mimi si huyu hapa?"

"Nakuona. Kwani nimesema sikuoni? Na kule nilikuona. Mtu akishapendwa na serikali anaweza kuwa popote."

Havijawa hakubishana. Ni mtu wa kutazama kwanza, na akishatazama hutazama tena. Alifuta spoki mbili zaidi, kisha akauliza, "Mtandio ulikuwa wa namna gani?"

"Wa lesi. Mweusi tii, unameta."

"Mimi sina mtandio wa lesi."

"Ndiyo maana nikafurahi," alisema Bi Mize. "Nikasema, kapata."

*

Nchi yenyewe wakati huo haikuwa na jina. La zamani lilikuwa limefutwa, na jipya lilikuwa bado kwenye tume, na tume ilikuwa safarini ng'ambo ikitafuta jina katika nchi zenye majina mazuri. Barua zilifika vizuri tu. Watu waliandika kwenye bahasha "Nchi Hiyohiyo", na posta walielewa.

Mji wa Munyuni uko pwani ya nchi hiyo, katikati ya mashamba ya chumvi, na upepo wake unakula chuma. Msumari uliopigwa mwezi wa mfungo mosi hauuoni mfungo sita. Miaka na miaka watu wa Munyuni waliilalamikia kutu serikalini, na serikali ikawajibu kwamba inawaombea. Halafu siku moja akaja Mmarekani wa kofia pana, akaona bawaba ya mlango wa msikiti ilivyoliwa, akapiga goti akaipapasa. Kumbe kwao wapo watu waliochoka na vitu vipya. Wanataka pikipiki za kale za huko kwao, zilizotaabika mbali, kwenye mikono ya watu wengine, na kadiri mtu mwingine alivyotaabika nazo ndivyo wanavyozipenda.

Wiki ileile ikapitishwa Sheria ya Kutu. Kutu yote iliyomo nchini, iwe juu ya bati, sufuria au wembe, ikawa mali ya umma, na mwenye kuikwangua bila kibali alifungwa. Kikabaki kikwazo kimoja kidogo: nchi nzima ilikuwa na pikipiki ya kale ya Kimarekani moja tu, ya Mzee Ngwali, nayo ilikuwa inang'aa.

Lakini serikali ile haikuwahi kushindwa na jambo kwa sababu tu halipo. Iliagiza pikipiki mpya kutoka Marekani, kwa maana viwanda vya kule bado vinatengeneza zenye umbo la enzi za mababu, zikaja ndani ya makasha zimefungwa plastiki, na nchi hiyo ikawa ya pekee duniani inayonunua pikipiki mpya kwa Wamarekani ili iwauzie Wamarekani pikipiki kuukuu. Makasha yalifunguliwa kwenye Uwanja wa Uzee. Kila pikipiki ilipewa siku arobaini. Ilimwagiwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Kuku wa serikali, wenye namba mguuni, walipangiwa zamu ya kulala juu ya usukani. Kwa ajili ya viti waliitwa watumishi wastaafu wa wizara zote, wakakalia pikipiki kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu bila kufanya chochote, maana hakuna duniani wanaojua kuchakaza kiti kama wao. Siku ya arobaini na moja alikuja Mnusaji Mkuu, Bwana Tindwa, akanusa kiti, akatangaza umri. Hapo hakuna rufaa. Gari la wagonjwa la Munyuni, lililoingizwa uwanjani kimakosa, lilitoka na miaka sabini na likauzwa.

Wanunuzi wakazidi kudeka. Wakaanza kuuliza, "Ilikuwa ya nani?"

"Ndugu wananchi," alisema Waziri redioni, "adui zetu wanadhani tutaishiwa na jana. Tunawaambia jana yetu ni kubwa kuliko kesho yao! Kuanzia leo hakuna pikipiki itakayoondoka nchini bila marehemu mmoja na binti mmoja aliye hai. Tumefanya utafiti. Watoto wa kiume hawapendezi kwenye picha."

Ndipo kikaanzishwa Kitengo cha Historia, na humo akaajiriwa, kwa cheti chake kizuri cha chuo, kijana aitwaye Makungu bin Ngwali, mdogo wake Havijawa, tumbo moja.

*

Pikipiki hiyo Mzee Ngwali aliachiwa na mpima ardhi wa Kimarekani aliyekuja kupima mashamba ya chumvi, malaria ikampima yeye, akarudishwa kwao amelala. Ngwali hakuwa na safari yoyote. Akawa anapakia wajawazito kwenye kile kigari cha ubavuni na kuwapeleka zahanati, kwa njia ya mawe, taratibu, huku anawaimbia. Mkewe mwenyewe hakufika. Havijawa alizaliwa humo kigarini, karibu na kalavati la tatu, injini ikinguruma, kwa sababu ikizimwa ilikuwa haikubali kuwaka upesi.

Mama alifariki Makungu akiwa anatambaa. Baba alifuata mwaka ambao Havijawa alikuwa darasa la saba. Majina ya waliofaulu yalibandikwa kwenye mlango wa shule, na lake lilikuwa la pili kutoka juu. Alilisoma mara mbili, akarudi nyumbani, akawasha pikipiki. Tangu hapo wajawazito wa Munyuni walikuwa wake, na Makungu akasoma, darasa baada ya darasa, mpaka akafika mahali ambapo vitabu vyake dada hakuweza tena kumsaidia hata kuvifunika. Kila jioni Havijawa aliifuta pikipiki kwa mafuta ya nazi, chuma kwa chuma, kama alivyofundishwa, chumvi isipate pa kukaa. Baba yao aliacha maneno machache, na mengi yalihusu kufuta.

Mwezi mmoja kabla ya Bi Mize kuona alichokiona, Makungu alikuja nyumbani na halua ya bakuli na daftari jipya.

"Dada," alisema, "hebu nisimulie baba. Mimi simkumbuki sawasawa."

Havijawa aliweka kitambaa chini. Alikuwa ameingoja siku hiyo bila kujua kama anaingoja. Akamsimulia alasiri tatu mfululizo. Baba alivyokohoa kabla ya kusema uongo mdogo. Nyimbo alizowaimbia wenye uchungu, na ile aliyokuwa anaibadilisha maneno mtoto akikaribia. Kalavati la tatu. Makungu aliandika, na mara nyingine aliacha kuandika akatazama pembeni, na dada yake akageuza uso ili asimwaibishe.

Siku ya tatu Makungu aliweka karatasi juu ya namba ya injini, akapitisha penseli, namba ikajitokeza.

"Ya kumbukumbu," alisema.

Karatasi ilikuwa inateleza. Havijawa ndiye aliyemshikia.

*

Maneno ya Bi Mize yalimkaa siku nzima. Kesho yake aliiwasha pikipiki akaenda mwenyewe kwenye jengo la Idara iliyosimamia biashara ya pikipiki, lenye maandishi makubwa ukutani: NCHI YENYE JANA BORA. Hakwenda kushtaki mtu. Alitaka aulize tu huyo aliyekuwa analia ni nani.

Bwana Tindwa alitoka nje na wasaidizi wawili, mmoja wa kumshikia miwani na mmoja wa kumshikia leso. Alikuwa na pua ndogo ya kawaida, ila imekatiwa bima. Akainama kwenye kiti cha pikipiki, akanusa, akainuka.

"Nazi," alisema.

"Ndiyo, mheshimiwa. Naifuta kila siku."

"Ukale haunukii nazi, bibi. Kutu yake iko wapi?"

"Haina. Nimesema naifuta."

Wasaidizi wakatazamana. Bwana Tindwa akapangusa pua kwa uchungu wa mtu aliyezoea kuongopewa. "Bibi, mimi nimenusa pikipiki mia tatu. Kitu cha kale haking'ai. Hii ina wiki mbili, au tatu nikikuonea huruma. Namba?"

Walipoisoma namba ya injini, jalada likaletwa mbio. Pikipiki yenye namba hiyo, ya marehemu Mzee Ngwali mbeba wajawazito, Daraja la Juu Kabisa, ilisafirishwa wiki iliyopita kwa heshima zote za taifa.

"Kwa hiyo hii," alisema Bwana Tindwa, "ni mpya, haina kibali cha kuingia nchini, na imevaa namba ya pikipiki mashuhuri. Hayo ni makosa matatu, na hujashuka bado."

Havijawa akashuka. "Mimi ni binti yake Mzee Ngwali. Nimezaliwa ndani ya kigari hiki."

"Binti yake yuko Marekani. Tunazo picha."

Wakamwonyesha. Mwanamke mnene kidogo, mrembo, kajitanda mtandio wa lesi, kaweka mkono juu ya kigari kilichooza kwa ustadi. Pembeni yake Mmarekani wa kofia pana analia. Chini pameandikwa: *Binti Mteule, Bi Shufaa, akiaga mahali alipozaliwa.* Havijawa alimjua. Munyuni nzima ilimjua. Alikuwa shemeji yake Naibu Waziri.

Nyuma ya picha palikuwa na historia yenyewe, kurasa nne. Havijawa hakuwa msomaji wa haraka, lakini hii aliisoma haraka. Kikohozi kilikuwamo. Wimbo uliobadilishwa maneno ulikuwamo. Kalavati la tatu lilikuwamo, na neno moja alilolikosea yeye wakati wa kusimulia lilikuwamo vilevile, limekosewa.

"Nani ameandika?" aliuliza, ingawa mwandiko alikuwa ameufundisha yeye.

"Afisa wetu bora," alisema Bwana Tindwa. "Amepewa nishani."

Pikipiki ikazuiliwa mpaka baraza likae Alhamisi.

"Mtaani kuna mke wa mtu, mimba ya miezi tisa," alisema Havijawa. "Nani atampeleka?"

"Achukue fomu ya kuchelewa," alisema msaidizi wa leso. "Ziko dirisha la nne."

*

Hata hivyo alikuwa bado na matumaini, na hili linafaa lisemwe wazi, kwa sababu wapo watakaomwona mjinga. Alijiambia kwamba Makungu alilazimishwa. Kwamba akimwona dada yake amesimama mbele ya baraza atasema neno moja tu, na jambo litaisha, maana neno lenyewe ni fupi na ni la kweli.

Alhamisi Makungu alimkuta ukumbini, kwenye benchi. Alikuwa na suti na ile nishani, kipande cha bati chenye kutu halisi ya Daraja la Kwanza. Akakaa pembeni, akasema chini kwa chini.

"Dada, kwa nini umekuja huku? Ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini, Makungu? Kwamba umeniuza?"

"Sijakuuza wewe. Nimetoa maelezo tu. Kila afisa alitakiwa alete marehemu mmoja, na wa kwangu ndiye aliyependeza." Akajaribu kutabasamu. "Ungesikia mkutanoni walivyompigia makofi baba."

"Ungeandika binti yake ni mimi."

"Niliandika. Wallahi niliandika jina lako. Wakasema binti lazima awe na pasipoti, na awe anajua kulia bila kukunja uso. Sasa mimi ningefanyaje?"

"Ungekataa."

Makungu aliitazama nishani yake. "Nimekutafutia njia. Ipo nafasi ya Jirani Mwenye Huzuni. Ni ya kudumu, ina kitambulisho. Ukiweka sahihi kwamba wewe ni jirani wa marehemu na si mwanawe, pikipiki utarudishiwa leo, wataiita zawadi ya faraja. Wajawazito wako utawapakia kama kawaida. Ukikataa inaingia uwanjani, siku arobaini. Unajua wanavyozifanya."

Havijawa alijua. Alikuwa ameona kwa mbali kuku wanavyopanda.

"Dada, ni karatasi tu," alisema Makungu. "Nyumbani tutakuwa tunajuana."

*

Baraza lilifunguliwa kwa dakika moja ya kuheshimu wakati uliopita. Dakika hiyo ilichukua robo saa, kwa sababu Mwenyekiti alilala, na hakuna aliyetaka kuonekana haheshimu. Alipoamka alikohoa, akasoma mashtaka, akampongeza Waziri, akampongeza Naibu Waziri na shemeji yake, kisha akamwita Afisa Makungu mbele.

"Afisa, wewe ni mtoto wa marehemu Mzee Ngwali?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Dada yako yuko wapi?"

"Yuko Marekani, mheshimiwa. Kikazi."

"Na huyu bibi aliyesimama hapa?"

Makungu alikuwa ametazama meza. Alikohoa kidogo. "Ni jirani yetu, mheshimiwa. Ametulea sana."

"Haya," alisema Mwenyekiti kwa upole, kama daktari anayefunga bendeji. "Mwaona? Hapana uhalifu hapa. Pana jirani aliyezidiwa na mapenzi. Nchi yetu inawathamini sana majirani. Bibi, nasikia umeandaliwa karatasi."

Karatasi ililetwa juu ya sinia. Dirishani, Havijawa aliiona pikipiki imeegeshwa mlangoni pa uwanja, tangi lake linawaka kwa jua la saa nne. Upande mmoja alisimama mlinzi na funguo, amwachie aondoke nayo. Upande wa pili mzee mmoja mstaafu, mfuko wa karanga mkononi, alikuwa anasubiri kujua kama ataikalia.

Havijawa aliichukua kalamu. Aliisoma karatasi polepole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma siku zote, na watu wakakohoa, na yeye akaendelea kusoma. *Mimi, jirani, nisiye na nasaba na marehemu.* Alipofika mwisho aliinua macho. Hakumtazama Mwenyekiti.

"Makungu," alisema. "Nitaweka sahihi. Wanawake wa watu hawawezi kuzalia njiani kwa ajili yangu. Baba mwenyewe angeniambia niweke."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Lakini kabla sijaweka, nakuomba kitu kimoja. Cha ukumbini sitaki, wala cha nyumbani. Hapahapa, wanaposikia hawa wote. Niite dada. Mara moja tu. Halafu naandika unachotaka."

Bwana Tindwa aliacha kupangusa pua. Msaidizi wa leso akaishusha leso. Makungu aliivuta suti yake mahali ambapo haikuwa imekunjamana. Masikio yalimwiva. Alimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti akatazama dari, ambalo lilikuwa jipya.

"Mdogo wangu," alisema Havijawa, taratibu, kama anavyosema na mtu mwenye uchungu. "Nakungoja."

Karani wa baraza, ambaye kazi yake ni kuandika kila neno linalosemwa ndani ya chumba kile, aliinama akachovya kalamu kwenye wino, akaishikilia juu ya karatasi tupu, na kalamu ikabaki pale hewani.